Kweche wa Chekereni

Jumapili nimeamka saa kumi na moja nikadandia boda hadi Chekereni kule Moshi, mpunga ndo unatoa mashuke na kimya chote ni maji ya mfereji tu, mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake mwezi wa nne. Nilichofuata ni ndege anaitwa kweche jamani. Miezi mingine dume ni kahawia tu, hutamtofautisha na shomoro, ila masika ikikolea anavaa nyekundu na nyeusi kama anaenda harusini, nikamkuta mmoja kwenye tete hatua kumi hivi, katutumua manyoya hadi amekuwa duara, anaruka anazunguka anarudi palepale na majike hata hayamwangalii, maskini. Nikampa shikamoo mzee mwenye jaruba, akaniitikia halafu akaniuliza, "Mwanangu, hao wezi wa mpunga unawaangalia wa nini?" sikuwa na jibu kwa kweli, yeye anaamia ndege tangu alfajiri kombeo mkononi. Mbayuwayu wachache mno, wengi washaenda zao Ulaya kuzaa. Mara ndege dudumizi akalia kichakani, mzee akacheka, "mvua hiyo", na kweli kabla sijafika barabarani nimeshalowa chapachapa, darubini nimeificha ndani ya shati.