Shani na vipaka viwili: siku 23 za kupatana

Nikimsikia tena mtu akisema "wafungie chumba kimoja, watazoeana wenyewe," nitamwonyesha kovu la mkononi mwangu. Jirani aliniambia hivyo kwa nia njema, nami nikamwamini kwa kuwa amefuga paka tangu utotoni.

Paka wangu Shani ana miaka 9, na nyumba yetu hapa Tanga anaihesabu kuwa yake. Nilileta vipaka viwili vya wiki 9 hivi, nikavitua sebuleni mbele yake, nikafunga mlango. Shani aliganda. Mkia ukavimba kama brashi ya kuoshea chupa. Kipaka cheusi kikamkimbilia, nadhani kilimfananisha na mama yake. Shani akafoka, akakizaba kofi. Nikaingiza mkono katikati, nikachanika. Kipaka kikajipenyeza nyuma ya friji, na saa tano usiku tulikuwa bado tunaisukuma friji nzima ili kukitoa. Shani alipanda juu ya kabati na hakugusa chakula hadi kesho yake jioni. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Nikaanza upya. Vipaka nikavihamishia stoo, na sanduku lao la mchanga. Paka humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho, basi nikachana kanga kuukuu vipande viwili. Kimoja nikavisugulia vipaka mashavuni, maana hapo ndipo harufu yao ilipo, nikakitandika chini ya sahani ya Shani. Cha pili nikamsugulia Shani, nikavipelekea vipaka wakilalie. Siku ya kwanza Shani alikula shingo imenyooka, miguu ya nyuma tayari kukimbia. Siku ya nne alikikalia kitambaa.

Hapo nikaanza kuisogeza sahani kuelekea mlango wa stoo, shubiri moja kila siku, ndani yake dagaa wasio na chumvi. Wa elfu tatu hivi walitosha wiki nzima. Siku aliyonguruma niliirudisha nyuma shubiri mbili, wala sikumkemea. Ukimkemea ataona vipaka ndio balaa lenyewe. Sahani ilipofika kizingitini nilifungua mlango, nikaziba kwa wavu wa banda la kuku niliouazima. Wakala wakitazamana. Wavu niliuondoa siku ya 19, dakika kumi kumi tu, na daima Shani ndiye aliyeandaliwa kwanza.

Juzi, siku ya 23, nilimkuta amelala juu ya ile kanga, kipaka cheusi kimejibanza tumboni mwake, naye anakilamba sikio. Kile kingine bado anakifokea kikimchezea mkia, nami namwachia.