Kasa wa Pakwach

Binti yangu alikuwa na kasa wa kitambaa niliyemnunua katika soko la Owino, Kampala, kwa mama mmoja anayefungua marobota ya midoli ya mitumba. Kijani kibichi, macho makubwa, mapezi manne, na mgongoni vipande vya kahawia vilivyoshonwa kimoja kimoja. Likizo ya Desemba 2018, tulipokwenda Pakwach, mji wa Uganda kando ya Mto Nile, kumwona mjomba wangu, alimpakata njia nzima.

Kwenye basi akaniuliza kama tutawakuta wenzake huko. Nikamweleza kwamba wenzake wako Bahari ya Hindi, na kwamba usiku majike hupanda fukwe za Kenya na Tanzania, wakachimba mchanga na kutaga mayai yanayoweza kufika mia na zaidi. Akanyamaza mpaka tukavuka daraja la Karuma.

Mjomba ni mvuvi. Asubuhi moja alimtuma kijana atuite mtoni upesi. Ndani ya wavu alikuwamo mnyama mpana kama sinia ya pilau. Kasa, lakini gamba lake halikuwa na vipande hata kimoja: ngozi tupu iliyolowa, rangi ya udongo wa mtoni, yenye madoadoa meupe, na ukingoni ikikunjamana kila alipojitikisa. Pua nyembamba imechomoza mbele. Hiyo huitoa juu ya maji akavuta pumzi, mwili wote umezama. Vidole vimeunganishwa kwa utando, na kila mguu una kucha tatu tu.

“Babu, mbona hana magamba?”

“Ndivyo alivyoumbwa, mjukuu wangu. Rudisha mkono. Huyu akiuma haachii.”

Vijana wawili walishaanza kuzungumzia mchuzi. Siwalaumu. Wavu ni mali, na kasa huyu huurarua akifuata samaki walionaswa. Ila wanyama hawa wanazidi kuwa haba, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, limewaweka kwenye orodha ya walio hatarini. Nikamwambia Mjomba nyuzi nitalipia mimi, tafadhali amwachie. Akanitazama, akamtazama mtoto, akachomoa kisu. Alikata uzi mmoja mmoja kuizunguka ile shingo ndefu, taratibu, huku kijana amemkanyagia wavu upande wa nyuma. Alipomaliza akamsukuma kwa kasia hadi majini. Sijawahi kuona mnyama wa gamba akienda kasi vile.

“Kwa nini Owino hawauzi wa hivi?” binti yangu akauliza.

Swali hilo limeniuma hadi leo. Watoto wetu wanalala na kasa wa bahari wasiyoijua, naye ni mzuri, simkatai. Lakini huyu anayeishi Nile na Ziwa Albert wengi wao wanakutana naye akiwa kitoweo. Ningempata fundi wa kumshona, na ile pua yake, na kucha zake tatu, ningemnunulia kila mtoto wa ukoo wetu.

Mjomba alikuwa ameketi kuziba tundu la wavu. Binti yangu akachuchumaa kando yake, akataka kujua kama huyu naye hutaga mchangani.

“Hutaga. Kuna mchanga ng'ambo kule, maji yakipungua huwa wazi.”

“Utanipeleka, Babu?”

“Viboko wakituruhusu.”

Kesho yake alfajiri alitugongea mlango, kasia begani.