Hii amana yenu

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama akaanza kununua dagaa mwaloni Kibirizi na kuanika, ila mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa hawaingii ziwani, na siku hizo nyumbani kwetu Ujiji tulikula muhogo kwa mawese.

Mwaka huo, usiku wa kuamkia Idi, mlango uligongwa. Mzee wa msikitini kwetu alisimama pembeni, mwanga wa koroboi usimfikie. "Mwanangu, hii amana yenu." Akatua mfuko wa mchele, akaondoka mama hajamaliza kushukuru. Ilikuwa zaka ya fitri, ile pishi moja kwa kila kichwa, itolewayo kabla ya swala ya Idi. Hakusema msaada. Alisema amana, kana kwamba mchele ulikuwa wetu tangu mwanzo, yeye kautunza tu.

Baadaye walikuja watu wengine na unga. Wajane waliitwa majina kwa kipaza sauti, mmoja mmoja, wapigwe picha na mfuko kifuani. Mama alipokea, tulikuwa na shida. Alipofika nyumbani akamimina unga ndooni, akautia jikoni ule mfuko wenye nembo, akasimama mpaka ukaisha kuungua.

Mashirika makubwa siyabezi. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwa mamia kuwaleta mjini Kigoma, kisha wanapelekwa kambi ya Nyarugusu. Mzigo ule haubebwi na msikiti wa mtaa wala kigango. Ila nilichokiona kwa macho yangu ni jirani yangu Mkatoliki, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akifungua kanga yake ya juu kumpa mzazi aliyembeba mtoto kwa taulo lililolowa. Hakumuuliza anasali wapi.

Jumuiya yao ndogo ndogo husali nyumba kwa nyumba, kwa hiyo wanajua jiko la nani halijawashwa. Hapo ndipo dini inapoyapita magari na nembo: inamjua mtu kabla hajaomba.

Siku hizi daftari la fitri la mtaa wetu ninaliandika mimi. Majina siandiki. Naandika "mlango wa bati jekundu", "nyuma ya mwembe", "bibi na wajukuu wanne". Tunapeleka baada ya Isha, bila simu mkononi. Nikigonga, nasogea pembeni, gizani.