Mtoto Anayevuruga Somo Anatuambia Nini?

Katika kazi ya ualimu nimejifunza kutouamini wepesi wetu watu wazima wa kumwita mtoto mkaidi. Mtoto anayeangusha penseli, anayemchokoza jirani yake na kuomba ruhusa ya kwenda msalani kila kipindi cha kusoma kwa sauti kinapokaribia, huenda si mtukutu hata kidogo. Huenda anakwepa aibu ya kukwama mbele ya wenzake. Ukimtoa nje ya darasa umempa alichokitaka, na kesho atarudia, kwa kuwa hila yake imefaulu.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kuzitenga hisia za mtoto na masomo yake, kana kwamba hisia ni kazi ya mnasihi na masomo ni kazi ya mwalimu. Hofu inapomtawala mtoto, mawazo yake huelekea kwenye kile kinachomtisha, na uwezo wake wa kushika maelekezo mawili au matatu kwa wakati mmoja hupungua. Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kuvuka umri wa miaka 20. Kumkaripia mtoto wa miaka 6 ili atulie ni kumdai utulivu ambao bado anahitaji mtu mzima, aliye mtulivu mwenyewe, amsaidie kuupata.

Azimio la Salamanca la mwaka 1994, tamko la kimataifa kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lilitaka shule ziwapokee watoto wote bila kujali hali zao za kimwili, kiakili, kijamii, kihisia au kilugha. Kupokea, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Mtoto mwenye usonji anayeziba masikio kengele inapolia anahitaji kuarifiwa mapema kwamba italia, na kujua ratiba ya siku itakavyokwenda; mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, anahitaji muda zaidi na nafasi ya kujibu kwa mdomo; asiyesikia vizuri anahitaji mwalimu asiyezungumza huku ameelekea ubaoni. Mengi ya haya hayagharimu chochote, na huwafaa hata wale wasio na tatizo lolote linalojulikana. Jina la hali ya mtoto lina thamani pale tu linapobadilisha namna tunavyomfundisha. Likibaki kwenye jalada, au likigeuka kuwa sababu ya kumtarajia madogo, limemdhuru.

Ninaowahofia zaidi ni wale wasiomsumbua mtu. Darasa likiwa na watoto wengi (na mara nyingi ni wengi kupita kiasi), mtoto aliye kimya huonekana kuwa mwenye nidhamu, nasi tunashukuru na kumpita. Aliyekuwa akicheza akaacha kucheza, ambaye mwandiko wake umeharibika ghafla, au anayelalamika tumbo kila asubuhi bila ugonjwa kuonekana, anastahili kuulizwa faraghani, kwa swali lisilomlazimisha jibu, kisha aulizwe tena siku nyingine, kwa sababu wengi hawasemi mara ya kwanza. Akisema jambo linaloashiria kwamba anadhuriwa, mwalimu asimwahidi kuficha siri. Amweleze waziwazi ni nani atakayeambiwa na kwa nini, kisha afikishe taarifa siku hiyohiyo kwa wenye dhamana ya kumlinda.