Masanduku matatu, anwani ishirini

Dada mhusika wa TEHAMA wa ile ofisi alinipokea na kikaratasi alichokichana kwenye bahasha. Kaandika IP tatu, yaani anwani za vifaa mtandaoni, moja chini ya nyingine, kwa wino wa bluu. "Kaka, masanduku si matatu? Nimeshakutengea." Ilikuwa Juni, Mbeya ile ya makoti mawili, nami nilikuwa nimeteremka kwenye daladala ya Uyole vidole havikunjiki. Nikamwomba chai kwanza, tutahesabu baadaye.

Ofisi yenyewe inapima viwanja na kuchora ramani. Picha zao za droni zilikuwa zimejaza kila diski ya nje mjini, ndiyo wakanunua hifadhi ya klasta: nodi tatu, ndiyo hayo masanduku, zinazojionyesha kwa mtumiaji kama diski moja kubwa iitwayo S, na moja ikifa mbili zinabeba kazi. Kuifunga kwenye raki ni kazi ya asubuhi moja. Iliyonikalisha siku mbili na kaunta buku ni namba.

Kila nodi ina IP yake ya kudumu upande wa ofisi, hizo ni tatu, na ndizo alizoziona yule dada. Kila nodi ina mlango mdogo wa usimamizi unaoishi hata sanduku likiwa limezimwa, ule unaokuokoa usiku ukiwa nyumbani Forest na mvua inanyesha. Hizo tatu nyingine. Nodi huongea zenyewe kwa zenyewe kupitia swichi mbili za ndani, visanduku vya kuunganisha waya za mtandao, kwa hiyo kila moja inataka mbili huko: sita. Klasta nzima inataka moja ya kuisimamia, na moja ya kujibu maswali ya DNS, kazi ya kugeuza jina kuwa namba, maana watumiaji hawaitafuti kwa namba, wanaiita kwa jina, na ni klasta yenyewe inayoamua leo nani apelekwe nodi ipi.

Halafu zipo zinazohama, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtumiaji haunganishwi na IP ya kudumu ya nodi; anaunganishwa na IP inayoweza kurukia nodi nyingine, ile iliyoishika ikianguka. Ukitenga tatu tu, moja kwa kila nodi, siku nodi moja inakufa IP yake inaangukia kwa mmoja wa waliobaki. Huyo anabeba mizigo miwili, mwenzake mmoja. Kanuni ninayoifuata ni idadi ya nodi mara idadi hiyo ukitoa moja. Nodi tatu mara mbili, sita. Kila nodi inashika mbili, na ikifa, waliobaki wanagawana moja moja. Ni kama msiba: vyombo vya aliyezidiwa vinabebwa na majirani wote, sio na wa mlango wa kwanza tu.

Jumlisha: ishirini. Yule dada alikiangalia kikaratasi chake, akakikunja, akakitia mfukoni bila kusema neno.

Lakini hatujamaliza, maana bosi wao alishasema mwakani wanaongeza nodi mbili. Nodi tano mara nne ni ishirini za kuhama peke yake. Ndiyo maana sipangi kwa leo. Za ndani nilizipeleka kwenye mtandao wao wenyewe wa namba zinazoanza na 172.16, usiotoka nje ya raki, na za usimamizi kwenye VLAN yake, mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile. Upande wa ofisi nikaomba thelathini mfululizo, zinazoishia na 101 hadi 130. Mia na moja hadi mia na tano za nodi, 106 ya kusimamia, 107 ya DNS, 111 hadi 130 za kuhama. Tatu za katikati zibaki akiba. (Bahati nzuri mtandao wao haukuwa 192.168.1. Ruta nyingi za dukani Mwanjelwa zinakuja na hiyo, na siku ukitaka kuunganisha Mbeya na tawi la Tukuyu, pande zote mbili zina namba zilezile na hakuna njia inayopita.)

DHCP yao, huduma inayozikopesha kompyuta namba, ilikuwa inagawa kuanzia 50 hadi 200. Tukaisogeza ianzie 140, kisha nikasubiri siku nane, muda wa kompyuta zilizokwisha kukopeshwa namba kuzirudisha. Baada ya hapo nikazipiga pingi zote thelathini, kuziita nione kama kuna anayeitika. Kimya. Nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu simu ikaanza. S inafunguka meza hii, meza ya pili haifunguki. Mhasibu akizima na kuwasha kompyuta, yake inapona, halafu inakatika ya mchoraji. Nilibadilisha kebo mbili. Nikailaumu swichi. Nikamlaumu hata yule dada, kimoyomoyo.

Nilipotulia ndipo nikakaa kwenye kompyuta iliyokuwa inagoma wakati huo, nikaandika arp -a, amri inayoonyesha kila IP imeshikwa na kifaa kipi. Jina la hifadhi lilikuwa limeipeleka kompyuta hiyo 114. Lakini anwani ya MAC, ile ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, iliyokaa mbele ya 114 haikuanza kama za nodi zangu, ilianza na herufi za kiwanda kingine kabisa. Nikaingia kwenye swichi, nikaitafuta ile MAC, ikanionyesha mlango wa 19. Nikaufuata waya kwa mkono, juu ya dari, ukashuka ukutani mapokezi, nyuma ya kalenda. Mwisho wake: mashine ya kusaini kwa kidole. Chini yake, kwa maka peni iliyofifia, .114.

"Ilikuwa imeungua adapta tangu Aprili," mama wa mapokezi akaniambia. "Jumanne ndiyo wameileta. Kwani ina nini, mwanangu?"

Haikuwa na nini. Siku ile napiga pingi ilikuwa kabatini, na kifaa kilichozimwa hakijibu. Ilipowashwa, wawili wakawa wanaitika namba moja, na kompyuta inamwamini aliyeitika mwisho. Mmoja kati ya watumiaji sita, yule aliyepangiwa 114, ndiye aliyekuwa anagonga mlango wa mashine ya vidole akiiomba ramani. Ningekuwa nimezipa hizo thelathini VLAN yao badala ya kuzikata kwa kalamu ndani ya mtandao wa wote, mashine ile ingepiga kelele mpaka kesho na isingenigusa. Nililijua hilo. Nilitaka tu kumaliza kabla ya Ijumaa.

Mashine tuliihamishia 30, nikaiandika kwenye kaunta buku, na yule dada akazunguka ofisi nzima akigeuza kila printa na kamera kuangalia iliandikwa nini tumboni.

Mwisho wa mwezi mhasibu akanipigia tena. Kompyuta inayokusanya mahudhurio nayo ilikuwa inaiuliza 114, na kwa siku mbili ilikuwa inajibiwa na nodi yangu, isiyojua kidole cha mtu. Robo ya ofisi iliandikwa watoro. Yeye mwenyewe alikuwamo, na alitaka barua yenye sahihi yangu.