Nilivyojenga uhasama katika riwaya ya safari za wakati

Adui anayeweza kurudi jana hashindwi kirahisi. Ukimtia pingu, atarudi kabla ya pingu. Ukimuua, mwenzake atarudi kumwonya. Na kwa kuwa mashujaa nao wana njia hiyohiyo, kila pigo linafutika na kila kifo kinatenguka. Msomaji akishalitambua hilo, moyo wake haudundi tena hata umwandikie milipuko mingapi. Nilipoamua kuandika riwaya ya safari za wakati, hili ndilo nililolishughulikia kabla ya mandhari na kabla hata ya kujua mashine yenyewe inafananaje. Nilitaka mgogoro ambao kila upande unaweza kupoteza kitu na usikipate tena.

Nilikwenda kwanza kusoma jinsi wanafizikia na wanafalsafa wanavyolijadili suala hili, maana wao pia wanatafuta dunia isiyojipinga yenyewe. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaozunguka, ambamo msafiri anaweza kufika kwenye wakati wake uliopita. Mwaka 1957 Hugh Everett alitoa kazi iliyokuja kuzaa wazo la dunia nyingi, kwamba kila tokeo linalowezekana hutokea katika tawi lake la dunia. Igor Novikov yeye alishika msimamo kwamba historia ni moja, na lolote atakalofanya msafiri limo tayari ndani yake. Niliyasoma haya yote nikiwa na swali moja: katika dunia ya namna hii, adui wangu atatisha?

Dunia nyingi niliziacha mapema. Adui akifaulu huko, kufaulu kwake kunazaa tawi jingine, na dunia ya mashujaa inaendelea kama kawaida. Ni uwanja mzuri kwa hadithi ya majuto au upweke. Kwa hadithi ya watu wanaopigania kitu kilekile, haunifai.

Historia isiyobadilika ilinivutia zaidi. Mwanafalsafa David Lewis aliandika mwaka 1976 kuhusu mtu anayerudi kumuua babu yake. Ana bunduki, ana shabaha, ana nia, lakini atashindwa kwa sababu ya kawaida kabisa: atateleza, au bunduki itagoma, au moyo utamgeuka. Naupenda sana ufafanuzi huo, na hadithi fupi inaweza kusimama juu yake. Lakini katika riwaya ndefu adui anayeangushwa na utelezi hajashindwa na mtu. Mashujaa wanabaki kuwa watazamaji. Kwa hiyo nilichagua historia moja inayobadilika, ambayo ndiyo hatari kuliko zote, kisha nikaanza kuibana.

Kibano cha kwanza nilikipata kwenye fizikia hiyohiyo. Mwaka 1988 Kip Thorne na wenzake wawili walieleza jinsi njia ya mkato kati ya sehemu mbili za anga inavyoweza, kinadharia, kugeuzwa kuwa mashine ya wakati. Mashine ya aina hiyo ina mpaka: huwezi kuitumia kwenda nyuma kupita wakati ule ilipoanza kuwepo. Nilipokutana na mpaka huo riwaya nzima ilikaa sawa kichwani. Mlango wangu wa wakati ungefunguliwa saa 72 kabla ya bwawa kubwa kupasuka na kuufunika mji. Kabla ya saa hizo hakuna anayeweza kufika, si adui wala shujaa. Vita yote, hata kama wapiganaji wanatoka miaka 40 baadaye, ingepiganwa ndani ya siku tatu.

Kisha nikaongeza kanuni yangu mwenyewe: kila anayepita mlangoni anakula saa moja ya mwanzo wa dirisha hilo la saa 72. Mashujaa wakituma mtu kumzuia adui, wamejipunguzia wenyewe muda wa kumfikia. Adui akijaribu upya, naye vilevile. Wanakuwa kama watu wawili wenye mtungi mmoja wa maji jangwani, kila anayekunywa anamkausha mwenzake na kujikausha. Kuanzia hapo sikuhitaji kueleza tena kwa nini mtu asirudi dakika tano nyuma kurekebisha mambo. Msomaji mwenyewe anahesabu saa zilizobaki. Taharuki inatoka kwenye kanuni, haihitaji mhusika kupiga kelele.

Kanuni pekee hazitoshi, hata hivyo, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Adui anataka nini? Sikumtaka mtu wa kutawala dunia. Mwenye mashine ya wakati na tamaa ya kutawala anachosha, kwa sababu hakuna msomaji atakayesita hata mara moja kuchagua upande. Adui wangu ni mhandisi aliyefiwa na binti yake mdogo siku bwawa lilipopasuka. Anataka kuuokoa ukuta wa bwawa. Basi. Mtu yeyote mwenye utu angetaka hivyo, na angewaokoa maelfu pamoja na mtoto wake.

Sasa ikabidi nimtafutie shujaa mwenye haki ya kumzuia mtu wa namna hiyo. Tausi, mhusika wangu mkuu, alizaliwa na wazazi waliokutana katika kambi ya walionusurika. Bila mafuriko, hao wawili hawajuani. Tausi hayupo, mwanawe hayupo, na kizazi kizima kilichozaliwa baada ya maafa kinafutika bila hata kaburi. Mhandisi anampigania mtoto aliyekufa, Tausi anampigania mtoto aliye hai, na historia ni moja, haina nafasi ya wote wawili. Nilipofika hapo nilijua mgogoro umepata mizizi. Hakuna mazungumzo, hakuna msamaha, hakuna suluhu ya kukaa mezani inayoweza kuwagawia kila mmoja nusu.

Kundi la mashujaa nalo nililipasua. Faraji, anayesafiri na Tausi, bibi yake alichukuliwa na maji. Alilelewa na mama aliyenusurika ambaye hakuacha kulia. Kila saa wanayokaa katika mji ule ulio bado mzima, Faraji anamwona bibi akipita sokoni, na kila saa anapungukiwa na sababu za kumzuia mhandisi. Upinzani wa nje unamchosha msomaji usipokuwa na mwangwi wake ndani ya kambi.

Jambo jingine lililonipa mhandisi mwenye uzito ni bei anayolipa. Katika kanuni zangu, msafiri akibadilisha historia habaki na pa kurudi, na ndani ya zile siku tatu tayari yupo mhandisi kijana, baba halisi wa yule binti. Mzee akifaulu, mtoto ataishi na huyo kijana. Yeye atabaki mgeni asiyejulikana na mtu yeyote duniani. Anajua hivyo tangu ukurasa wa kwanza na bado anaendelea. Kwangu mimi hilo linamfanya atishe kuliko silaha yoyote: mtu asiyejitafutia kitu hutamtisha wala kumhonga. Ubaya wake unatokana na hapo hapo, kwamba amekwisha kujihesabu kuwa hayupo, basi na wengine anawahesabu hivyohivyo.

Kuhusu mpangilio wa matukio, nilitumia daftari lenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ni saa 72 za mji. Wa pili ni maisha ya kila mhusika kama anavyoyaishi mwenyewe: umri, majeraha, anachokijua na asichokijua bado. Ni kazi ya mikono tu, lakini ndiko zilikotoka baadhi ya sura ninazozipenda zaidi. Kwa mfano, Tausi anapokutana na mhandisi kwa mara ya kwanza, mhandisi tayari amekwisha kukutana naye mara kadhaa, ana kovu la moto mkononi na anamchukia kwa jina. Tausi hajui amemkosea nini. Msomaji pia hajui. Chuki ya namna hii ni deni, na niliona lazima lilipwe kabla riwaya haijafika theluthi yake ya mwisho, kwa tendo linalostahili chuki hiyo. Kwa hiyo Tausi ndiye anayeuchoma mkono ule, tena kwa kukusudia, akiwa tayari anajua kovu litatokea na kwamba ndilo litakalomfanya mzee asilegeze msimamo. Shujaa anamtengeneza adui wake kwa mkono wake. Hadithi za aina nyingine zinaweza kulisema hilo kwa mafumbo, lakini safari ya wakati inaweza kulionyesha likitendeka.

Rasimu ilipokamilika niliwapa marafiki wachache wanaosoma sana, na sikuwauliza kama imewapendeza. Niliwauliza ni ukurasa gani walitamani mhandisi ashinde. Wote walikuwa na ukurasa wao, na karibu wote walitaja sura za Faraji sokoni. Hapo nikajua pa kuongeza uzito upande wa Tausi: nikampa mwanawe sauti, sura nzima ya mtoto huyo akiishi siku ya kawaida, isiyo na hatari wala mashine.

Uamuzi wa mwisho nilimpa mhandisi kijana. Yeye ndiye anayesikiliza pande zote mbili saa moja kabla ya ukuta kupasuka, binti yake akiwa amelala chumba cha pili, na ndiye mwenye ufunguo wa milango ya kupunguzia maji. Ili sura hiyo isimame, nilizitoa kurasa zote za mhandisi nikazipanga kwa umri wake, kutoka kijana hadi mzee, nikazisoma mfululizo kana kwamba riwaya ni yake. Sura mbili za mapigano hazikuwa na sababu yoyote upande wake, zilikuwepo kwa ajili ya mashujaa tu. Nilizifuta zote mbili, na saa walizokuwa wamezitumia nikazirudisha kwenye dirisha.