Ripoti yangu ya kwanza kwa mahakama ya Kanisa ilirudishwa

Ilirudi kwenye bahasha ileile ya kaki niliyoipelekea. Katika ukurasa wa mwisho, padre aliyekuwa hakimu wa shauri alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi yangu moja: "Kwa hiyo ndoa hii ilikuwa batili tangu mwanzo." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika maneno matatu tu: "Hii ni yetu."

Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba, nafanya kazi katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi nimekaa na watu wenye sonona, wenye hofu, na walioshindwa na pombe. Mahakama ya Kanisa sikuijua, ingawa nimebatizwa, nimepata kipaimara na ndoa yangu nimefungia kanisani. Kama wengi, nilidhani ni mlango wa nyuma wa talaka kwa Wakatoliki. Sivyo kabisa. Talaka inavunja ndoa iliyopo. Mahakama hii inauliza kama siku ile mbele ya altare ndoa ilifungika, au kulikuwa na kasoro iliyoizuia isifungike. Tena inaanza kwa kuamini kwamba ilifungika: Kanuni ya 1060 ya Sheria za Kanisa inasema ndoa inalindwa na sheria, na kukiwa na shaka ihesabiwe kuwa halali mpaka kinyume chake kithibitishwe.

Shauri lenyewe nitalisimulia kwa kubadilisha yote yanayoweza kuwatambulisha wahusika. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Walifunga ndoa Novemba 2008, wakapata watoto wawili, na mwaka 2017 aliondoka nyumbani na begi moja. Alichokilalamikia ni wivu. Nikajiambia, nyumba gani haina wivu? Kisha nikasoma maelezo yake. Juma la pili baada ya harusi mume alinunua kufuli la shaba, na kila Jumamosi alipokwenda kazini alifunga mlango kwa nje, akaondoka na funguo. Bibi arusi alikuwa ndani, na ndoo ya maji, na chungu cha maharage jikoni. Majirani walidhani nyumba haina mtu.

Mahakama iliniita kwa sababu ya Kanuni ya 1095, inayotaja watu wasioweza kufunga ndoa kwa hali ya akili au nafsi zao: asiye na matumizi ya kutosha ya akili, mwenye upungufu mkubwa wa kupambanua haki na wajibu wa msingi wa ndoa, na, kifungu cha tatu, asiyeweza kuubeba wajibu huo kwa sababu zenye asili ya kisaikolojia. Kwa mashauri ya namna hii hakimu hutakiwa kumtumia mtaalamu mmoja au zaidi, isipokuwa pale inapoonekana wazi kwamba haitasaidia kitu. Takwa hilo lilibaki hata baada ya Papa Fransisko kurekebisha taratibu za mashauri haya mwaka 2015.

Kwenye ripoti ya kwanza nilifanya nilivyozoea kliniki. Nilisoma jalada, nikamhoji mke kwa saa tatu, nikafungua DSM-5, kitabu cha kutambulia magonjwa ya akili, nikapata jina la ugonjwa: imani potofu isiyotikisika, ya aina ya wivu. Nikaona kazi imekwisha. Nilipokwenda kumwona padre, hakunikemea. Alinikaribisha chai, akasema: "Dada, ugonjwa peke yake haubatilishi ndoa. Wagonjwa wengi wanaoa na kuolewa, na ndoa zao ni halali. Mimi nataka kujua, siku ile, ugonjwa huo ulimnyima uwezo gani?"

Akanipa maswali yaliyoandikwa, yaliyotolewa kwenye mwongozo wa mahakama za Kanisa wa mwaka 2005, Dignitas Connubii. Je, wakati wa kufunga ndoa kulikuwa na kasoro ya nafsi? Ilikuwa nzito kiasi gani? Ilianza lini, kwa sababu gani, ilijionyesha katika mazingira yapi? Ilimletea mhusika ugumu tu, au ilimwondolea uwezo? Mwongozo huohuo unamtaka mtaalamu aeleze mbinu alizotumia na kiwango cha uhakika wa majibu yake, na unamkataza kuingia katika kazi ya hakimu. Yote hayo nilikuwa nimeyaruka.

Hapo kwenye ugumu na kutoweza ndipo penye kazi yenyewe. Papa Yohane Paulo II alilisisitiza mbele ya mahakimu wa Rota Romana, mahakama ya rufaa ya Kanisa kule Roma, mwaka 1987: ni kutoweza ndiko kunakoifanya ndoa kuwa batili, siyo ugumu. Ndoa iliyovunjika haithibitishi kwamba haikuwahi kuwepo. Sisi wa kliniki tunapima mtu kwa kipimo cha afya njema, na kwa kipimo hicho nusu ya mtaa wangu wasingefaa kuoa.

Nilianza upya. Nilichukua karatasi kubwa, nikaandika katikati tarehe ya harusi na kupiga mstari wima. Kila tukio la kwenye jalada nililiweka kushoto au kulia. Kulia pakajaa upesi: makofi, simu zilizovunjwa, kwaya aliyokatazwa kuimba. Kushoto palikuwa peupe, na mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye wajibu wake ni kutoa kila hoja ya haki inayoweza kuilinda ndoa, alilenga hapohapo. Aliandika: mume alipoteza kazi mwaka 2013, je, si huko ndiko maradhi yalikoanzia? Swali zuri sana. Kama ugonjwa ulizaliwa 2013, hauhusiani na ndoa ya 2008.

Nikarudi kwenye ushahidi niliousoma harakaharaka mwanzoni. Mdogo wa kike wa mume alieleza kwamba kaka yake, akiwa na miaka ishirini na mbili, alisimama usiku kucha nje ya bweni la chuo akimlinda mchumba wa kwanza. Mchumba huyo naye alileta maelezo ya maandishi yaliyolingana. Na mke, nilipomuuliza habari za uchumba badala ya ndoa, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nilibadilisha laini mara tatu kabla ya sendoff. Nilifikiri ndiyo kupendwa." Kushoto pakaanza kujaa.

Mume hakuitikia mwito wa kwanza. Wa pili alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Kabla hatujaanza nilimweleza, kama nilivyomweleza mkewe, kwamba safari hii mimi si daktari wake, na atakayosema yataingia kwenye ripoti itakayosomwa na mahakama. Akakubali. Alitoa mfukoni mtungo wa funguo na kuziweka mezani, na kwa muda wote wa mazungumzo alizipanga kwa ukubwa, moja baada ya nyingine.

Hakuficha kitu. Alinisimulia mwenyewe kwamba mtoto wa kwanza alipozaliwa alihesabu miezi kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, hesabu ikatimia, bado hakuamini. Akampeleka mtoto kupimwa damu, ajue kama ni wake. Majibu hayakuonyesha chochote cha kumtilia shaka mkewe. "Nesi alihongwa," akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuhurumia kwa kutojua dunia. "Wewe dada huwajui watu."

Nilimsikiliza nikiwa na huzuni. Alikuwa ameteseka pia, miaka yote hiyo, nyumbani mwake mwenyewe. Mkewe aliacha kwaya, akaacha kwenda kwao, akaacha hata kusalimiana na walimu wenzake, na kadiri alivyotii ndivyo shaka ilivyozidi. Mtu asiyetaka kuamini unaweza kumbembeleza. Huyu hakuwa na namna ya kuamini, hata ushahidi ulipowekwa mkononi mwake.

Dodoso za kupima nafsi sikuzitegemea sana. Nyingi zimetungwa Marekani na hazijapimwa vya kutosha kwa watu wetu, na hilo nililiandika wazi kwenye ripoti. Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa tisa. Nilisema kwamba shaka ile ilikuwepo kabla ya 2008, na uhakika wangu hapo ni mkubwa. Nilisema kwamba ilikuwa nzito kiasi cha kumzuia kujenga ushirika wa maisha na mke yeyote, na uhakika wangu hapo ni wa wastani, kwa sababu uzito wa siku ile naupima kwa maneno ya watu waliokumbuka baada ya miaka. Kupoteza kazi kuliongeza moto uliokuwa umeshawaka. Nikaishia hapo. Neno "batili" halikuwemo.

Padre alipiga simu. "Tumsifu Yesu Kristu." "Milele amina, Padre." Akaniambia ripoti imepokelewa, na kwamba itapimwa pamoja na ushahidi mwingine wote, maana hakimu hafungwi na maoni ya mtaalamu. Zamani ningejisikia nimedharauliwa.

Mke alinipigia mara moja, kuhusu jambo lililomnyima usingizi: ikitangazwa hakukuwa na ndoa, wanawe wataitwa watoto wa nje? Nilimwelekeza kwa padre, lakini sikuweza kukata simu bila kumwambia kwamba Kanuni ya 1137 inawalinda. Watoto waliotungwa au kuzaliwa katika ndoa iliyodhaniwa kuwa halali wanabaki halali. Alilia.

Hukumu sikuletewa, wala sikuuliza. Mume, siku ya mahojiano, alipokuwa akikusanya funguo zake, aliniuliza: "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?" Sikuweza kuwa mtaalamu wa mahakama na mganga wake kwa wakati mmoja. Nilimwandikia namba ya mwenzangu wa jengo la pili, nikadhani ataitupa njiani. Miezi minne baadaye nilipita kwenye korido ile nikamkuta kwenye benchi, anasubiri zamu yake. Alinisalimia kwa kichwa, nami nikaitikia, nikapita.